Bi Zamda na Redio ya Barazani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlioko Korogwe, mlioko Handeni, na wewe uliyesimama njia panda ya Segera unasubiri gari. Leo tunamkumbuka mama ambaye mende hakupata raha nyumbani kwake. Ni Bi Zamda Mbaruku wa Sindeni. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na minane.

Bi Zamda alizaliwa Kwashemshi, akaolewa Sindeni na Mzee Sabiri, mkulima wa mahindi. Alikuta nyumba ya udongo yenye nyufa, na kila ufa una wenyewe. Akiwa bado na hina mikononi, alishika tope akaziba nyufa zote. Tangu hapo, kila Alhamisi, nasema kila Alhamisi, vitu vyote vilitoka nje: kitanda, majamvi, masufuria, hata picha ya ukutani. Akafagia, akanyunyiza majivu pembeni, akafukiza majani ya mwarobaini. Wapita njia walimtania, "Bi Zamda, leo unahamia wapi?" Naye akawajibu, "Wanaohama ni wao, siyo mimi."

Mgeni naye hakuingia hivihivi. Metito, muuza maziwa, anakumbuka hadi leo. "Nilimwambia shikamoo mama. Akaniitikia marahaba mwanangu, kung'uta kwanza hiyo shuka uliyojitanda. Nikakung'uta. Ndipo nikapewa chai." Bi Zamda aliamini kwamba mende haji mwenyewe, analetwa.

Na aliyemleta, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mumewe. Mwaka tisini na sita Mzee Sabiri alinunua redio pale Segera, redio iliyokwisha tumika. Kwa furaha aliyokuwa nayo, alisahau kabisa sheria ya nyumba, akaingia nayo moja kwa moja. Wiki haikupita, mende wakaonekana kwenye kabati la vyombo. Bi Zamda akawasaka mpaka kwenye redio, akafungua kifuniko cha betri. Wamejaa, na mayai juu! Mle ndani kuna joto, kuna giza. Mende anataka nini tena?

Hukumu ikatoka siku hiyohiyo: redio itakaa barazani, juu ya kigoda, na miguu ya kigoda ndani ya makopo yenye mafuta ya taa. Mzee alinuna. "Basi na mimi nitakaa nayo," akasema. Na kweli alikaa nayo. Taarifa ya habari, mpira, hata kipindi chetu hiki, yeye alikuwa nje na mkewe ndani, wakiongea kupitia dirishani. Miaka ishirini na mitatu. Narudia, ishirini na mitatu.

Mwaka elfu mbili na kumi na tisa Mzee Sabiri akapooza, hakuweza tena kutoka kitandani. Binti yao, Rukaya, anasimulia: "Baba alikuwa haombi kitu. Siku moja akasema, mama Rukaya, huko nje wanasemaje? Mama akatoka nje. Baadaye nikamwona mlangoni, redio mkononi, haingii, harudi."

Aliingia. Kwanza aliifungua kwa bisibisi, akaisafisha kwa unyoya wa kuku, akaianika juani, lakini alijua fika hajawamaliza. Akaiweka karibu na mto wa mumewe, akaketi ukingoni mwa kitanda. Rukaya akamuuliza, "Mama, na mende?"

"Mende watakuwepo na kesho," akasema. "Baba yako sijui."

Walisikiliza pamoja siku arobaini na moja, kisha Mzee akaondoka. Na mende, kweli, walirudi. Bi Zamda alipambana nao kama zamani, ila redio hakuitoa tena. Alimwambia binti yake jambo lililomuuma mpaka mwisho: miaka yote ile hakuwahi kwenda kukaa na mumewe barazani. Alikuwa anafagia.

Bi Zamda alizikwa Jumatano. Kesho yake, Alhamisi, Rukaya alitoa vitu vyote nje, kama alivyofunzwa. Redio akaiacha ndani, inaongea.

Rukaya, na ndugu wote wa Sindeni na Kwashemshi, poleni sana. Tumempoteza mtu wetu pia. Mola amlaze panapo nafasi na nuru.

Nawe unayetusikiliza, ziba nyufa, osha vyombo kabla hujalala, kung'uta boksi kabla halijavuka mlango. Kisha weka ufagio chini, utoke barazani. Kuna mtu amekaa huko peke yake.