Filamu ya Kwanza, Mama Anapika

Ndindi, karani wa mahakama, hajawahi kutazama sinema ya vyombo vya angani, lakini asubuhi hiyo kwenye treni ya kutoka Embakasi alitega sikio. Mbele yake mchonga vinyago mzee na kijana Msomali muuza vitambaa, watu wasiojuana kabisa, walikuwa wakibishana juu ya filamu tatu zilizotolewa kueleza jinsi nahodha mmoja mwovu wa nyota alivyoharibika.

"Walichonga mti ukiwa mbichi," mzee alisema. "Leo mtoto mzuri, kesho anachoma miji! Mti mbichi lazima upasuke. Ungekaushwa kivulini kwanza."

"Kweli, mzee wangu. Ningeandika mimi, filamu ya kwanza yote ni mama yake anapika, yeye anakula. Basi."

Mzee akacheka. "Sasa nani atalipa kiingilio aone mama wa mtu akipika?"

"Mimi," kijana akajibu. "Wangu nilimwacha Baidoa vita vilipoanza, mwaka wa tisini na moja. Ningeingia kila siku."

Treni ikasimama Makadara. Ndindi, ambaye hushukia hapo, alifunga koti lake kifungo kimoja kimoja, polepole ili asikie mwisho, kwa umbea tu. Mzee aliitazama mikono yake mwenyewe, kisha akauliza taratibu, "Na angekuwa anapika nini?"