Alama za Mgongoni mwa Judica

Ndugu mliokusanyika, mimi Shedrack, kaka mkubwa, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wetu Judica Elisante, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Usangi, wilaya ya Mwanga.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1999, akauza nguo Kariakoo, mwaka 2005 akafunga ndoa na Vedasto, wakajaliwa binti mmoja, Sesilia, na mwaka 2012 wakahamia hapa Guangzhou, yeye akinunua mzigo katika soko la nguo la Shahe, mumewe akiusimamia hadi bandarini Huangpu. Judica alikuwa hatulii, hata chakula alikula amesimama.

Mwaka 2016 shingo ilimkakamaa kwa kubeba mabunda, na jirani yake, Bibi Liang, akampaka mafuta mgongoni, akamkwangua kwa kibao cha pembe ya nyati mpaka ngozi ikaiva kwa michirizi myekundu, tiba ambayo Wachina huiita guasha, naye akapata nafuu, akajifunza, na wengi mliomo humu mmewahi kulala kifudifudi kwenye kochi lake awakwangue.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei mwaka huu alibanwa kifua. Vedasto akamwambia, "Twende hospitali, mama Sesilia." Akajibu, "Nikwangue kwanza, gari la mzigo linanisubiri." Wakabishana, Vedasto akashindwa, akamkwangua, na Judica alipoinama kuvaa viatu akaanguka. Alifika hospitali akiwa hai, lakini mchana akafariki.

Akina mama waliomwosha waliona michirizi myekundu mgongoni, maneno yakaenea mpaka Usangi kwamba mume alimpiga, na Vedasto tangu siku ile halali, anazunguka chumbani akimuuliza kila anayeingia kama mkewe angepona iwapo angembeba kwa nguvu hadi hospitali. Daktari ametueleza kwamba ulikuwa ni moyo, na ile michirizi ya kukwanguliwa haikumuua, ila muda uliopotea ungebadili nini, hakuna ajuaye, nasi hatumhukumu mtu kwa hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bibi Liang na majirani wote, pamoja na wafanyabiashara wenzake wa Shahe waliofunga maduka ili waje hapa.

Kesho jeneza linasafiri kwenda Usangi, na atakayelisindikiza ni Vedasto, na yeyote atakayetaka kumzuia mlangoni atatukuta kwanza sisi kaka zake Judica.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, mumeo tunakuja naye nyumbani Usangi.