Fundi Nusu na Pini Iliyobaki Midomoni

Marehemu kaka yangu, mliyemwita Fundi Nusu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mshona nguo. Mimi ndiye kitinda mimba, na sasa nimebaki peke yangu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Akiwa la sita alijitolea kuifungua baiskeli ya mwalimu mkuu aipake grisi, akaikaza nati ya mbele kwa moyo wake wote, hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mwalimu alirudi nyumbani ameibeba begani. Viboko vya siku ile vilimfunza kuliko hesabu.

Mwaka 1968 aliingia gereji, akabobea katika habu, vile vitovu vya magurudumu ya mbele ya magari ya zamani. Aliosha beringi, akazishindilia grisi kwa kiganja, akazirudisha, kisha akakaza nati huku akilizungusha gurudumu kwa mkono mpaka liwe zito. Hapo alijiambia, "Rudisha nusu," akailegeza kidogo tu, hadi wosha, kile kisahani cha chini ya nati, isogee ikiguswa kwa ncha ya bisibisi. Jina lake lilitoka hapo. Mwisho alipitisha pini mpya ya kuizuia nati isijifungue. Kwa kuwa mikono ilijaa grisi, pini hiyo aliibana midomoni tangu anaanza kazi. Ukimsalimu, alikujibu kwa nyusi.

Alioa tarehe 8 Desemba 1979. Wifi yangu hulalamika hadi leo kwamba pete ya ndoa ilikaa mfukoni kuliko kidoleni.

Tarehe 19 Juni 1998 alikuja mama mmoja mwenye haraka, na watoto wawili, katika gari kuukuu la buluu. Kaka akamaliza gurudumu la kushoto, akawapungia mkono. Alipoinua kikombe cha chai, pini ilikuwa bado midomoni. Alikimbia barabarani hadi pumzi ikamwishia. Gari lile halikuonekana tena, wala habari ya ajali haikusikika. Tangu siku hiyo alitembea na pini ile katika mfuko wa shati. Tulimtania kwamba huyo ndiye mke wake wa pili. Najuta kwamba tulicheka.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, na tangu Januari hakuinuka kitandani. Wiki ya mwisho alisema anasikia gurudumu linasaga likipita nje.

"La mbele, kushoto," aliniambia. "Kwani wewe husikii?"

Nilitoka kutazama. Barabara ilikuwa tupu, hata baiskeli hamna. Nilirudi nikamwambia hakuna kitu, naye akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, wifi alikuwa anafua uani aliposikia sauti ya mumewe langoni: "Karibu, mama. Washushe watoto, wakae hapo kivulini. Sikawii."

Alipofika, kaka alikuwa amelala nje ya lango, ameshakata roho. Mikono yake ilikuwa na grisi mbichi hadi kwenye vifundo. Kopo la grisi lilikuwa gerejini, kifuniko kimeshika kutu. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu, na mchangani palikuwa na alama ya jeki. Daktari ameandika mapafu, nasi hatubishani na daktari.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu saba, na mimi dada yake.

Wifi ameniomba niongeze neno moja. Mama mwenye gari la buluu, kama upo hapa na wanao, huna haja ya kusema lolote. Inua mkono tu, tujue kwamba mlifika salama. Tutasubiri kidogo kabla ya kuanza kufukia.

Mola ampe kaka mapumziko mema, na masikio yake yapate utulivu.