Koti la Mkwe Wangu na Amri ya Ng'ambo

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Flemingdon Park, nanyi mliotoka Dixon Road kwa mabasi matatu katika baridi hii, nataka ijulikane kwamba sikuiomba kazi hii. Nimepewa kwa sababu binti yangu Sabine, mjane, hana sauti, na wajukuu wangu wanaelewa Kiswahili vizuri wakiitwa kula, lakini wakitakiwa kusema wanajibu Kiingereza, basi amebaki bibi wa darasa la pili. Na bibi huyu ni mama mkwe, na kwetu mama mkwe hataji jina la mkwe wake, hali naye meza moja, wala hagusi nguo yake. Jina mnalo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni. Mimi nitasema mkwe wangu, na asiyeridhika aje asome yeye.

Mkwe wangu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1976 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, wilaya ya Mpanda, Tanzania, mtoto wa tatu kati ya saba wa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Alisoma shule ya msingi hapohapo Katumba kuanzia 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari Mpanda mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1994, kisha akaajiriwa kuwa karani wa ghala la tumbaku, na huko ndiko alikojifunza jambo lililomponza baadaye, kwamba karani huandika kilichomo ghalani, si kile bosi anachotamani kiwemo.

Alifunga ndoa na Sabine Jumamosi tarehe 19 Julai 2003, mimi nikiwa nimepinga, na sababu zangu zilikuwa mbili, alikuwa mwembamba na alikuwa mbishi. Wembamba uliisha. Mungu akawajalia Willy mwaka 2005 na Iteka mwaka 2008, na tarehe 4 Novemba 2009 tukashuka sote hapa Toronto, tukapanga vyumba viwili ghorofa ya tisa, mimi na mkwe chini ya dari moja, jambo ambalo wazee wetu hawakuliwekea utaratibu. Miaka kumi na tano tumezungumza kupitia watoto, yeye kwenye kochi, mimi mlangoni pa jiko.

Siku moja mama wa ghorofa ya kumi aligonga mlango kunikataza kukaanga dagaa, eti kwake hawali samaki, nami nilikuwa nimeshika mwiko tayari kumjibu, nikasikia kutoka kwenye kochi, "Iteka, mwambie bibi aendelee kukaanga. Sheria ya nyumba ya mtu huishia kizingitini kwake." Nikasema, "Iteka, mwambie baba yako leo ana akili." Mtoto akatukumbusha kwa Kiingereza chake kwamba tumo chumba kimoja na masikio tunayo.

Tarehe 7 Machi 2011 aliajiriwa karani wa stoo katika kiwanda cha vichujio vya maji upande wa Don Mills, kiwanda kilichoandikishwa hapa Kanada, kinachoajiri watu wa hapa, ila wenyewe wako Marekani. Alifanya kazi hapo miaka kumi na miwili bila kukosea hesabu hata ya boksi moja. Jumanne tarehe 14 Machi 2023 hospitali ya watoto ya Kuba ikaagiza vichujio mia mbili na arobaini, na wale wenyewe wakapiga simu kutoka Marekani, wakasema kwa sheria yao Kuba haipelekwi hata skrubu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kanada ina sheria yake, mkwe wangu alifundishwa palepale kazini, inayosema kampuni ya hapa isiitii amri hiyo ya Marekani kuhusu Kuba, na ikiletewa amri ya namna hiyo iitaarifu serikali. Yaani wa ghorofa ya juu asije kunifunikia sufuria. Meneja wake aliijua sheria hiyo kuliko mimi ninavyoijua Baba Yetu, ndiyo maana hakutaka kukataa waziwazi. Jina lake yeye silitaji pia, si kwa heshima, ni kwa usafi wa kanisa. Alichukua kipande cha karatasi akaandika kwa mkono wake, "Andika stoo haina. Kuba usiitaje."

Mkwe wangu akamwambia, "Bosi, stoo imejaa hadi mlangoni, asubuhi nimejigonga goti."

"Wewe umetoka kambini, sheria umefundishwa na nani?"

"Hukohuko kambini, bosi. Tulikuwa nazo nyingi, na zote zilikuwa za watu wengine."

Akaandika stoo imejaa, akapeleka taarifa serikalini, na tarehe 28 Machi 2023 akafukuzwa kwa barua iliyosema ameghushi hesabu za stoo. Karani aliyeghushi ni nani atamwajiri? Aliomba sehemu kumi na moja, kote wakaulizia kazini alikotoka, kote wakamkataa. Bima ya dawa nayo ilikatwa siku ileile, naye alikuwa na sukari na presha, nikamwona anakata vidonge nusunusu kwa kisu changu cha vitunguu. Kazi hakuwa anaililia tena, alitaka jina lake lisafishwe, basi.

Wakili Kwamboka, Mkenya, mwenzetu wa kanisa hili, alikubali kumtetea, akaomba kitu kimoja tu, kile kipande cha karatasi cha meneja. Hakikuonekana. Tulipekua makabati, tukafunua magodoro, mkwe wangu akaapa alikiacha kwenye droo ya kazini, na kampuni ikasema hakikuwahi kuwepo.

Kila Jumamosi mimi hushusha nguo za nyumba nzima kwenye mashine za kufulia za chini, isipokuwa za mkwe, ambazo ni juu ya mkewe, na mkewe huwa anafanya zamu mbili za kuwahudumia wazee. Koti lake la kazi lilikaa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya mlango miezi kumi na moja, likinuka mafuta ya mashine, nami kila wiki nilisema, "Iteka, muulize baba yako kama anasubiri malaika walifue." Tarehe 17 Februari 2024 Sabine alichoshwa na mdomo wangu, akalitoa, akatia mkono mfukoni kabla hajalitia majini, na karatasi ikatoka, kavu, kila herufi mahali pake. Wakili Kwamboka alicheka hadi akakaa chini. "Mama," akasema, "ungekuwa mama mkwe wa kisasa, tungekwisha."

Wapo humu walionisema kwamba mila yangu nayo ni sheria ya ng'ambo. Hapana. Ile niliibeba mwenyewe kichwani, sikuletewa kwa simu, na sijamfukuza mtu kazi kwayo.

Tarehe 9 Desemba 2024, kesi ikiwa inaendelea, mkwe wangu alipigwa na kiharusi, akalazwa majuma manane, akafariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi. Madaktari wameandika sababu yao, mimi ninayo yangu, na inahusu vidonge nusu.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani wa ghorofa zote, hata wa kumi, aliyeleta wali, na wafanyakazi wenzake wawili waliosimama kutoa ushahidi. Wale wengine waliotazama viatu vyao nawashukuru kwa kuja, chai ipo. Mkwe wangu, lala sasa, hakuna anayekudai neno.

Kuhusu kampuni, ilikiri mbele ya jaji, ikatozwa faini na serikali, ikalipa mishahara ya miezi ishirini na miwili, na vichujio vyote mia mbili na arobaini vimeondoka kwenda Kuba. Hayo yote kwao ni hela tu. Lililomuuma meneja ni la mwisho, neno ambalo jaji alimwamuru aandike, akaliandika kwa mkono uleule na kulitia saini Ijumaa tarehe 31 Januari, nalo likatufikia Jumatano, siku tatu baada ya kifo. Mimi nalisoma kama lilivyo, na mila inisamehe leo:

"Bwana Bonaventure Ndabaneze hakughushi chochote. Mwongo nilikuwa mimi. Stoo ilikuwa imejaa."