Mzee Nashoni Anashuka Mnarani kwa Mara ya Tatu

Mzee Nashoni Kashindye, mlinzi wa mnara wa moto katika Shamba la Miti Nyamalongo, amestaafu rasmi Jumapili, tarehe 30 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka arobaini na miezi minne. Wageni waalikwa wanaohisi kwamba sentensi hii wameshaisoma mahali hawajakosea. Ilichapishwa kwenye ratiba ya sherehe ya mwaka 2021, ikarudiwa mwaka 2023, na mara zote mbili keki ililiwa, hotuba zikatolewa, na Jumatatu iliyofuata mstaafu akaonekana juu ya mnara kama kawaida. Mwaka huu kamati imebadilisha tarehe na imebadilisha mwandishi. Mwandishi wa zile mbili za mwanzo amesema hana maneno mapya.

Mwandishi wa sasa ni mimi, Devota, karani wa masijala, ambaye pia ni mjukuu wa mstaafu. Kamati imeniagiza nimwite Mzee Nashoni tangu mwanzo hadi mwisho, kwa heshima ya shughuli. Nikiteleza nikasema Babu, naomba radhi mapema.

Alizaliwa mwaka 1961 huko Usukumani na kukulia kwenye mbuga za Usangu, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao. Mwaka 1981 baba yake, mzee Kashindye, alimtuma yeye na ndugu zake kupeleka ng'ombe mnadani Iringa. Ng'ombe walifika salama. Nashoni hakurudi. Walipopumzika Nyololo aliomba maji kwenye nyumba ya wakulima wa Kilutheri, na aliyemletea maji hayo ni Bertha. Kiu ya siku hiyo lazima ilikuwa kali mno, maana aliomba maji mara nne kwenye nyumba ile ile.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, baada ya kijana kumaliza mafundisho ya ubatizo na kupewa jina la Nashoni. Walioshuhudia wanasema mchungaji alipomuuliza kama anaamini kwa moyo wake wote, alijibu ndiyo huku akimtazama Bertha. Imani yenyewe ilikuja baadaye, taratibu, ikaweka kambi, na haijaondoka. Walijaliwa watoto sita na wajukuu kumi na wanne, ambao wote wanajua kusali wakiwa wamefumba macho, kwa sababu Babu husali akiwa amefumbua na humwona anayechungulia.

Tarehe 1 Agosti 1985 aliajiriwa hapa shambani kulinda mnara. Mzee Kashindye alikuja mara moja tu kuona kazi ya mwanawe. Aliutazama mnara, akaitazama misindano iliyojipanga mistari hadi upeo wa macho, akauliza miti hiyo huwa inakwenda wapi hata ichungwe. Alirudi Usangu na masikitiko, akawaeleza ndugu kwamba mtoto ameacha ng'ombe akaenda kulinda vitu visivyotembea. Babu anaisimulia habari hii akicheka, lakini huwa anacheka peke yake.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni rahisi sana. Unapanda ngazi mia moja na nne. Unakaa kwenye kibanda cha mbao chenye madirisha pande zote, na upepo wa Mufindi unapita humo kama wa kwake. Unakuwa na darubini, redio ya mawasiliano na daftari. Kila nusu saa unazungusha darubini, unaandika ulichoona, na ukiona moshi unatoa taarifa kwa redio pamoja na nyuzi zake za dira, ili kikosi cha moto kijue kiende upande gani. Unafanya hivyo tangu alfajiri hadi jioni, kuanzia Juni hadi Novemba, Jumapili zikiwemo. Mvua zikianza, unashuka kwenda kusafisha njia za kuzuia moto, halafu kiangazi kikirudi unapanda tena. Mzee Nashoni amefanya hivyo mara arobaini na moja. Aliweza kutofautisha moshi wa anayechoma mabua, wa mrina asali na wa mchoma mkaa asiye na kibali, na mara nyingi alitaja na jina la mchoma mkaa. Mwaka 2005 aliuona moto wa bonde la shule ukiwa bado mdogo kama wa kuchomea mahindi, na ndiyo maana shule ile ipo.

Yeye ni mzee wa kanisa, ingawa kwa nusu ya kila mwaka kanisani hafiki. Hili halikuwapa waumini nafuu yoyote. Kutoka mnarani mlango wa kanisa unaonekana vizuri kabisa kwa darubini, na kila aliyetoka kabla ya baraka alikutana naye siku mbili tatu baadaye akapewa pole ya haraka aliyokuwa nayo. Mahudhurio ya kiangazi katika usharika wetu yamekuwa mazuri kuliko ya masika kwa miaka yote hiyo. Wachungaji wanne wamepita hapa, na kila mmoja aliamini ni mahubiri yake.

Kisha kuna asubuhi ya mwaka 1999. Mzee Nashoni alikuwa akisali kwa sauti kibandani, kitufe cha redio kikiwa kimekwama. Shamba zima lilimsikia, ofisini, vitaluni na ndani ya magari. Alimwombea meneja wa wakati huo apunguze hasira. Alimwombea dereva wa trekta aache ulanzi, akamtaja kwa jina, na jina la kilabu akalitaja. Alimwombea fundi mmoja amrudishie jirani yake msumeno. Meneja alikuwa mpole hadi mwisho wa mwezi, msumeno ulirudi siku ile ile, na dereva aliacha ulanzi kwa wiki mbili, ambazo familia yake inazikumbuka hadi leo. Fundi wa redio aliikagua na kusema kitufe hakina tatizo lolote. Babu alimshukuru Mungu kwa kukiponya.

Sasa nafika mahali ambapo karani wa masijala na mjukuu wanagombana.

Kanuni ya shamba inasema kila moshi unaoonekana uandikwe, bila kubagua. Kutoandika moshi ni kosa la kufukuzwa kazi. Mwaka jana nilipewa jukumu la kuingiza madaftari yote ya mnara kwenye kompyuta, na nimeyasoma tangu la kwanza. Ni madaftari safi, mwandiko umesimama, hakuna ukurasa uliorukwa. Na kila siku ya kiangazi, mwaka hata mwaka, pameandikwa hivi: saa saba mchana, hakuna moshi.

Jamani, moshi ulikuwepo. Mimi nililelewa kwenye nyumba ile, mama yangu akiwa mwalimu Mbeya, na nilikuwa nikitumwa kukata majani mabichi ya kuutengeneza. Saa saba kamili Bibi Bertha aliyatupa majani hayo kwenye moto wa jikoni, na moshi mweupe ulipanda juu ya paa, ukaonekana kutoka mnarani bila hata darubini. Maana yake ilikuwa chakula tayari, njoo. Mzee Nashoni alikuwa na saa nzima ya mapumziko kihalali, na mtu wa kumpokea alikuwepo. Lakini alimwamini nani? Aliutazama moshi, akaandika hakuna moshi, akabaki alipo. Bibi alingoja robo saa. Akiona hatokei, alifunga ugali na mboga kwenye kitambaa, akapanda kilima, akaviweka chini ya ngazi. Kesho yake aliwasha tena, na akamngoja tena.

Babu aliahidi kwamba akistaafu atakula nyumbani. Bibi alichukua ahadi hiyo kwa uzito wake. Mwaka 2021 alimwagiza seremala meza ya viti viwili. Kwenye sherehe ile shamba lilimzawadia mstaafu kiti cha kupumzikia, na wakati keki inakatwa meneja wetu, Bi Goodness, akatangaza kwa furaha mkataba wa miaka miwili zaidi. Kiti kilipandishwa mnarani. Mwaka 2023 zawadi ilikuwa blanketi, tangazo likawa lile lile, na blanketi nalo likapanda. Bibi Bertha hakugombana na mtu. Alimaliza keki yake, akafuta mikono, akasema moshi basi.

Na ukawa basi kweli. Viangazi viwili na zaidi havikuwa na moshi wala kitambaa cha ugali. Mzee Nashoni alipanda na viazi vya kuchemsha mfukoni, akakonda hadi mkanda ukaongezwa matundu. Mlinzi anayempokea, Ambokile, anasema ikifika saa saba Babu aliielekeza darubini upande mmoja tu, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaandika: hakuna moshi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alikuwa anaandika ukweli, na ulikuwa unamuumiza. Mimi ndiye niliyeingiza kurasa hizo kwenye kompyuta. Nililia ofisini, nikasingizia vumbi la masijala.

Wakati huo shamba lilikuwa limefunga kamera ya kisasa ya kutambua moshi, ili Mzee apumzike. Kamera ni hodari. Hadi sasa imetoa tahadhari ya ukungu, ya vumbi la lori na ya msafara wa arusi, na mara zote kiongozi wa kikosi cha moto, Saulo, alifika na gari la maji kwa kasi ya kupendeza. Kwa hiyo mwaka huu Bi Goodness aliandaa mkataba wa tatu, akampa Mzee akafikirie hadi siku ya mwisho. Watumishi wengi walisema atasaini. Na mimi nilisema hivyo, tena mbele za watu.

Jumapili iliyopita, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alipanda na mkataba ndani ya koti. Ibada ilikwisha, Bibi akarudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma na hakushauriana na mtu. Alipoulizwa baadaye alisema mwaka wa Kanisa umeanza, naye hakutaka kuuanza na kinyongo. Saa saba mchana alitupa majani mabichi kwenye moto.

Kamera ikauona. Kwa mara ya kwanza ilikuwa sahihi. Simu zote za ofisi zililia pamoja, Saulo akawasha gari, na wengine tulikuwa tumeshakimbilia mlangoni redio ilipokohoa. Kisha sauti ya Babu ikaja, taratibu kama anayesoma matangazo kanisani: "Kamwene nyote. Mnara hapa. Huo moshi ni wa mke wangu. Msije."

Saulo alizima gari akiwa amesikitika kweli. Nilipokwenda Jumatatu kuchukua daftari, nilikuta mkataba umekunjwa katikati yake kuonyesha ukurasa, haujasainiwa. Uongozi umelijadili kosa la kuficha moshi kwa miongo karibu minne, na umeona kwamba adhabu yake ni kufukuzwa kazi, na kwamba mhusika ameshaondoka mwenyewe. Shauri limefungwa. Zawadi ya mwaka huu, kwa uamuzi wa kamati nzima, ni kitu kisichoweza kupandishwa ngazi mia moja na nne: ng'ombe jike mwenye mimba. Mzee Kashindye hayupo kumwona. Tunaamini angeridhika, kwa kuwa huyu anatembea.

Kwa niaba ya watumishi wote, ahsante, Mzee Nashoni, kwa misitu iliyosimama, kwa shule ya bondeni, na kwa wote uliowaombea bila wao kujua, au wakijua. Ahsante, Bibi Bertha, kwa kutuazima mtu wako. Tunawatakia afya, maziwa ya kutosha, na chakula cha mchana kikiwa bado cha moto.

Kamati iliniomba nimalizie kwa maneno ya mstaafu mwenyewe. Hotuba hajaandaa, anasema yote ameshayaandika kazini. Basi nanukuu mstari wa mwisho wa daftari la mnara, kama ulivyo:

"Saa saba na dakika tatu mchana. Moshi upo. Mweupe, mzito, nyuzi 112, jikoni kwa Bertha. Nimeuona siku zote. Nashuka."