Mlango wa Gofuni

Hafsa hakupanda basi la Shimoni ili asikilize ya watu, lakini sikio halina pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mwenye rangi kwenye kucha alimwamkia mama aliyekaa naye. Mama aliitikia marahaba, kisha akamvaa papo hapo.

"Wewe ndiye Mulinge, uliyechora mlango kwenye ukuta wa gofu linaloelekeana na nyumba yangu?"

"Ndiye mimi, mama. Wafadhili walitaka mitaa ya kale ipendeze."

"Ufute."

Mulinge alicheka. Wageni wanapiga picha pale kila siku, alisema, ubaya uko wapi?

"Watu wanaupigia hodi kwa mzaha. Nyuma yake pana magugu matupu. Mlango usio na mwenyewe haupigiwi hodi, mwanangu."

Hafsa aliafiki kimoyomoyo. Watu wa bara hupaka rangi kwanza, wakauliza baadaye.

"Lakini hata mimi nilipiga hodi," Mulinge alisema. "Siku ya kwanza, kabla sijagusa ukuta, kwa adabu tu. Nawe ukanijibu kutoka kwako: Karibu, Mulinge."

Mama alimgeukia polepole. "Ulipoanza kazi nilikuwa Kikoneni, matangani. Nyumba niliifunga. Nilirudi nikaukuta mlango umekwisha. Na jina lako nimeambiwa jana."

Basi lilisimama. Makanga aliusukuma mlango ukawa wazi, akaita kwa furaha, "Shimoni hiyo! Karibuni!"

Hakuna aliyeinuka, hata Hafsa.