Mwalimu Aliyeweka Chaki Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati katika shule hii, mwalimu wetu wa kalkulasi anastaafu rasmi Ijumaa hii, siku ya kufunga muhula. Wanafunzi walimbandika jina la Daktari, na ndilo nitakalotumia hapa, maana ukimtaja kwa jina lake halisi nusu ya shule itauliza ni nani huyo. Mkuu wa shule aliniomba niandike wasifu mchangamfu. Nimejaribu. Daktari mwenyewe aliniomba niandike ukweli, tena akanikazia macho, na kati ya hao wawili namwogopa zaidi Daktari.

Jina hilo lilitokana na chumba. Nyuma ya maktaba kuna iliyokuwa stoo ya maabara: sinki lisilo na maji, ubao wenye ufa na mabenchi yanayochana sketi. Huko ndiko alikowapokea, kila siku baada ya vipindi, wanafunzi wa kidato cha mwisho ambao kalkulasi ilikuwa imewatoa jasho. Wakakiita Zahanati. Kuna mzazi mgeni aliyeelekezwa huko na mlinzi, akaingia na mtoto anayechemka homa, akakuta watu wanabishana juu ya mteremko wa mstari. Daktari aliwasindikiza mpaka kwa nesi, na njiani akamuuliza mtoto hesabu anazionaje. Nesi anamtania mpaka leo kwamba anamwibia wagonjwa.

Tiba yake ilikuwa moja. Alianza swali ubaoni, akaandika mistari mitatu au minne, kisha akaweka chaki chini na kunyamaza. Hakudokeza, hakukohoa. Alingoja mpaka mmoja wao ainuke na kuendeleza. Wageni walidhani amekasirika. Mimi ninafundisha jiografia na meza yangu ofisini imepakana na yake, na nilimwambia mara nyingi kwamba anawatesa watoto wa watu. Alinijibu kwamba akiwamalizia yeye, watakwenda nyumbani na mwandiko wake tu. Lakini aliyekosea hakumcheka hata siku moja, na aliyeuliza swali la kijinga alisogezewa benchi akae. Pale wametoka wahandisi, marubani, wahasibu wasio na idadi, na binti mmoja anayejenga mabwawa, ambaye alifeli jaribio lake la kwanza vibaya hadi akaomba kuhamia masomo ya sanaa.

Sasa niingie kwenye sehemu ngumu.

Mwaka jana ukimya wake ulianza kurefuka. Hakuna aliyeshtuka. Wanafunzi waliona Daktari ameongeza dozi, wakawa wanainuka mapema zaidi kumalizia, wakajisifu kwamba sasa wameiva. Tungegunduaje? Mtu ambaye kazi yake ni kunyamaza katikati ya swali, utajuaje siku aliponyamaza kwa sababu njia imempotea?

Aliyegundua ni binti ambaye ni kiranja wa darasa. Swali lilikuwa la tangi lenye umbo la koni: maji yanaingia, utafute kina kinaongezeka kwa kasi gani. Daktari aliandika mistari miwili, akaweka chaki chini. Binti akainuka na kumaliza, lakini aliingiza kina cha maji kwenye hesabu mapema mno, kana kwamba maji yamesimama. Ni kosa ambalo karibu kila anayejifunza hulifanya, na zamani Daktari alilinusa tangu mlangoni. Safari hii alitazama ubao, akasema sawa. Binti alipofungua kitabu akakuta jibu lake halilingani, akarudia kazi yote, akaliona kosa. Hakumwambia mwenzake yeyote. Alinijia ofisini machozi yakimlengalenga.

“Mwalimu, amesema sawa,” aliniambia, na alipoona sielewi akaongeza, “Na wala si sawa.”

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshajua. Daktari alikuwa ameanza kumuuliza muuza duka njia ya kurudi nyumbani, akijifanya anatania. Walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa kweli aliyempima naye alikuwa amepitia Zahanati alipokuwa mwanafunzi. Alimwomba atoe saba kwenye mia, kisha saba tena, aendelee hivyo hivyo. Mzee akacheka kwamba wamemrudisha chekechea, akaanza, akafika mahali akakwama. Yule daktari akaweka kalamu chini, akangoja. Mkewe anasema hajawahi kuuchukia ukimya kama ule. Ni ugonjwa wa kumbukumbu, na hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

Daktari aliomba jambo moja tu: awafikishe vijana wake kwenye mtihani. Mkuu wa shule alisita, na simlaumu, kwa kuwa ni maisha ya watoto wa watu. Wakakubaliana kwamba vipindi vya darasani vichukuliwe na mwalimu mwingine, yeye abaki na Zahanati. Siku hiyo hiyo aliingia akawaambia kwa kinywa chake kwamba anasahau, na kwamba akisema sawa wasimwamini mpaka wahakikishe wenyewe. Aliwaomba wamsaidie. Hawakujua watazame wapi.

Kuanzia hapo walijiwekea utaratibu. Kila alipopotea, mmoja alisoma kazi yote kwa sauti tangu mstari wa kwanza, polepole, mpaka yeye aupate tena mwelekeo. Kuna siku walisoma na kusoma na swali halikuisha. Kijana mmoja akaguna, na wenzake wakamtoa nje wenyewe. Mtihani umeshafanyika, matokeo hayajatoka, na siwezi kuwadanganya kwamba yatakuwa mazuri.

Zahanati nayo imefungwa. Hakuna aliyejitokeza kuirithi, kila mmoja ana mzigo wake, na viti vibovu vimeshaanza kuingizwa humo. Mkuu anasema ni kwa muda. Jambo hili limeniudhi, na nimeliandika hapa makusudi ili liwaudhi na wengine.

Daktari, mkeo ameomba maneno haya ya mwisho usomewe taratibu hiyo Ijumaa, nasi tutayasoma taratibu. Asante kwa jioni zote ulizowapa watoto wasio wako. Asante kwa kunivumilia, maana najua mimi ni mwingi wa maneno. Wiki iliyopita uliniuliza, kwa adabu kabisa, ninafundisha somo gani. Nilikujibu, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya matangi ya maji. Uchungu nilioupata sijui niuweke wapi.

Lakini nisikilize. Miaka yote hii waliokwama walikujia, na hukumfanya hata mmoja aone haya kuuliza. Basi na wewe uliza. Uliza njia, uliza leo ni siku gani, uliza sisi ni akina nani, na ukisahau jibu uliza tena. Tutakujibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nenda ukapumzike, mzee wetu, na siku zako ziwe njema kwa kadiri zitakavyokubali.

Aliyekuandikia haya ni yule wa jiografia, anayekaa meza ya pembeni yako.